Uliza Ujibiwe: Betri, apu ya kutuliza moyo, na nani anamdai nani

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za mambo ya chuo kikuu, sijui ni msimu wa udahili au watu wamechoka tu kuambiwa "utafiti umeonesha" bila kuambiwa utafiti gani na aliyeufanya nani. Nimechagua sita. Baadhi zimejibiwa kwa kirefu, nyingine mistari michache, msininunie, maswali hayalingani uzito. Barua ya Eldoret na ile ya Kolwezi nashauri msome zote mbili hata kama ya kwenu ni nyingine.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu kamaliza form six, PCM (fizikia, kemia, hesabu), amepata nafasi kusoma kitu kinaitwa sayansi ya materiali. Nimemuuliza ni nini hicho akanijibu "baba ni mambo ya vitu". Sasa mimi nilipe ada ya mambo ya vitu? Mjomba wake anasema abadili asome sheria.
Mzazi, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kijana hajakudanganya, kajibu kivivu tu. Ni taaluma ya kuchunguza kitu kimejipangaje huko ndani kwenye chembe zake, kwa nini mpangilio huo unakifanya kiwe kigumu au laini, kipitishe umeme au kisipitishe, kioze au kisioze, na ukiubadilisha unapata nini kipya. Nikupe mfano ulio karibu. Mtu anajenga Bagamoyo, fundi anachota mchanga wa ufukweni kuokoa hela ya lori, miaka kadhaa mbele nguzo zinapasuka na kutoa kutu. Watu watasema simenti ilikuwa feki. Mara nyingi wala sio simenti, nondo ikiwa ndani ya zege huwa inajivika utando mwembamba sana wa oksaidi unaoilinda, sasa chumvi ya bahari ina kloridi, na kloridi inautoboa ule utando, kutu inaanza, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inalisukuma zege kutokea ndani mpaka linaachia. Aliyesoma hayo "mambo ya vitu" ndio anakwambia mapema, kabla hujamwaga jamvi.

Vijiko vyako vya stenlesi hapo nyumbani navyo vimetokea huko huko. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa anahangaika na mitutu ya bunduki isiyolika haraka, akachanganya chuma na kromiamu, akagundua kinagoma kushika kutu. Bunduki ikasahaulika, visu na sufuria vikaenda dunia nzima.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Pale Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, wana skuli nzima ya materiali, nishati, maji na mazingira. Mhadhiri wao Askwar Hilonga, aliyesomea nanoteknolojia Korea Kusini, alitengeneza chujio la maji linalochanganya mchanga wa kawaida na nanomateriali, yaani materiali za chembe ndogo mno, zinazonasa uchafu ule ambao mchanga peke yake hauwezi, floraidi ikiwemo, na watu wa Arusha na Manyara mnajua floraidi imefanya nini kwenye meno na mifupa ya watu huko. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na akademia ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza, paundi 25,000. Halafu Tanzania tuna grafaiti kule Mahenge na Ruangwa, grafaiti ndio upande mmoja wa betri ya simu yako, na mpaka leo wanaojua kuichakata ifikie kiwango cha betri ni wachache.

Kwa hiyo mzee lipa, ila kabla hujalipa mwambie kijana aulize kitu kimoja: maabara ya hicho chuo ina hadubini ya elektroni na inafanya kazi, au imefunikwa shuka inasubiri fundi? Kozi hii bila maabara ni kukariri tu, na hapo ndio mjomba anaweza kuwa na hoja.

SWALI: Kuna dada kazini anauza bangili na mikufu ya "nano grafini", anasema inatoa nguvu hasi mwilini, inazuia mawimbi ya simu na inaondoa stresi. 85,000. Ni kweli?
Mteja mtarajiwa, Mwanza

JIBU: Usitarajie, acha. Grafini yenyewe ipo na ni kitu kikubwa, mwaka 2004 pale chuo kikuu cha Manchester Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua grafaiti wakaibandua kwa selotepu, wakarudia rudia mpaka wakabaki na tabaka lenye unene wa atomu moja, mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Selotepu dada, hii hii ya kufungia zawadi. Lakini hamna popote walipoonesha kwamba ukiivaa mkononi inatoa stresi.

Na hiyo mikufu ya "kuzuia mawimbi" sio ya kuchezea. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia ilipima bidhaa za aina hiyo ikakuta kumi zinatoa mionzi, ile ya kweli kweli inayodhuru ngozi ukiivaa muda mrefu, ikawaambia watu wasivae. Yaani unaogopa mawimbi ya simu ambayo hayana shida hiyo, unaenda kununua mionzi kwa hela yako uivae shingoni ulale nayo. 85,000 nunua miwani nzuri ya jua.

SWALI: Niaje. Mimi ni student wa third year hapa Eldoret. Tangu semester ianze nimekuwa chini sana, usingizi hakuna, darasani naenda siku ingine siendi. Kuna apu nachat nayo usiku, inaniuliza nimeshindaje, inanipea mazoezi ya kupumua na ya kuandika mawazo. Roommate anasema naongea na mashini. Swali ni mbili: hizi vitu zimefanyiwa utafiti ama ni biashara tu? Na yale nimeambia hiyo apu, yanaenda wapi?
Asiyelala, Eldoret

JIBU: Asante kwa kuandika, na pole. Naanza na wewe kabla ya apu. Usingizi kukata kwa wiki kadhaa na darasa kukushinda sio uvivu, hiyo ni dalili ya kupeleka kwa mtu. Chuo chako lazima kina mshauri wa wanafunzi, na hospitali ya rufaa hapo mjini ina kitengo cha afya ya akili. Ikitokea umeanza kuwaza kufa au kujidhuru usiiambie apu, mwamshe huyo roommate, kelele zake zote ila ndiye aliye karibu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya. Na usiogope kwamba ukisema utashikwa, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kile kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba.

Sasa swali la kwanza. Mashini ya kusikiliza watu ni ya zamani kuliko wazazi wako pengine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa programu inaitwa ELIZA, moja ya michezo yake ilikuwa kuigiza daktari wa akili wa ile aina inayokurudishia maneno yako. Unaandika "mama yangu hanipendi", inakuuliza "nani mwingine kwenu hakupendi?" Hamna kilichokuwa kinaeleweka mle ndani, ni sheria chache tu za kugeuza sentensi. Weizenbaum anasimulia kwamba sekretari wake, ambaye alimuona akiitengeneza kwa miezi na anajua fika ni programu, alikaa kuchat nayo kidogo tu akamwomba bosi atoke chumbani, anataka faragha. Jamaa alishtuka, na miaka iliyobaki akawa mmoja wa wakosoaji wakali kabisa wa hayo mambo. Kwa hiyo unavyojisikia na hiyo apu sio ujinga, binadamu ndivyo tulivyo, tukiulizwa vizuri tunafunguka. Ila apu ikikufanya ujisikie umesikilizwa, bado haijathibitisha kwamba inakuponya, hayo ni mambo mawili na watu wa matangazo wanapenda yachanganyike.

Utafiti upo. 2017 watafiti wa Stanford walipima chatboti inaitwa Woebot kwa vijana 70 wa miaka 18 hadi 28, nusu wakachat nayo wiki mbili, nusu wakapewa kitabu cha kusoma, waliochat dalili zao za sonona zilipungua zaidi. Nzuri, lakini angalia vizuri: watu 70, wiki mbili. Wiki mbili hata homa kali inakuja na kuondoka. Na hiyo Woebot yenyewe ilifungwa tarehe 30 Juni 2025, mwanzilishi wake akitaja gharama na ugumu wa kutimiza masharti ya mamlaka ya dawa ya Marekani. Ndio imeisha hivyo, waliokuwa wanaitegemea wakaambiwa kwaheri, kitu ambacho daktari wa hospitali ya wilaya hawezi kukufanyia kirahisi.

Kenya kwenyewe mna kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko hiyo, Shamiri. Tom Osborn, mtoto wa Kenya aliyeenda Harvard, na wenzake walitengeneza vipindi vinne vifupi kwa wanafunzi wa sekondari, wanafundishwa kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua nini hasa anakithamini. Hawakusema "una ugonjwa wa akili", maana ukisema hivyo shuleni nani atakuja? Waendeshaji hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliotoka shule majuzi tu. Jaribio lililochapishwa 2021 lilikuwa na wanafunzi 413, waliopitia Shamiri walishuka sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Halafu walijaribu toleo la kompyuta, kipindi kimoja tu, wanafunzi 103, sonona ikashuka nayo baada ya wiki mbili. Kwa hiyo wanaosema digitali haifai kwa Mwafrika hawajasoma, na wanaosema digitali peke yake itamaliza tatizo nao hawajasoma, maana baadhi ya matokeo makubwa barani yametoka kwa bibi wa Harare: profesa Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani Zimbabwe kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu kwa utaratibu maalum, jaribio la watu 573 likachapishwa 2016, likaonesha wanasaidika kweli. Benchi la mbao halihitaji bando.

Kitu kingine kidogo. Zile apu zikikuuliza maswali tisa, hamu ya kufanya vitu imepungua? usingizi? chakula? halafu zikakupa namba kati ya 0 na 27, hiyo ni fomu inaitwa PHQ-9 ya mwaka 2001, ni halali na hospitali zinaitumia, 10 kwenda juu maana yake nenda kaonwe. Sio hukumu. Ni kama kipimajoto, kinasema una joto, hakisemi ni malaria au ni nini.

Swali lako la pili ndio linaniuma zaidi. Siri zako zinaenda kwenye seva ya mtu. Machi 2023 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, itarudisha dola milioni 7.8 kwa wateja, baada ya tume kuituhumu kuwapa Facebook na wengine baruapepe na habari za afya za watu ili wapate matangazo, huku ikiwa imewaahidi usiri. Finland ikawa mbaya zaidi, kituo cha tiba Vastaamo kilidukuliwa, Oktoba 2020 mdukuzi akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, lipa au namwaga uliyomwambia daktari wako. Wagonjwa wapatao 33,000. Kampuni ikafilisika, mdukuzi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka sita na miezi mitatu, lakini kilichomwagika mtandaoni hakizoleki.

Kwenu kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la data nyeti na una haki ya kuuliza wanazo zipi za kwako na kudai zifutwe zile za uongo au ambazo hawana tena ruhusa ya kukaa nazo. Itumie, waandikie. Cha kufanya leo usiku: nenda kwenye setingi uzime ruhusa ya kontakti na lokesheni, usiweke jina kamili wala jina la chuo, na majina ya watu wengine usiyataje kabisa maana hao hawakukubali chochote. Mazoezi ya kupumua endelea nayo, hayana hasara. Na kesho mshauri wa chuo, sawa?

SWALI: Jambo sana ndugu wa gazeti. Mi niko wa Kolwezi, baba yangu alitumikaka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, miaka mingi. Kila siku kwa redio ni kobalti, kobalti, matelefone ya dunia mzima, motokari za umeme. Mtoto wa dada yangu anasoma chimie ku Lubumbashi, ananiambia ile akili ya betri ilitokeaka ku université ya Oxford. Swali yangu: bale ba profesa banajua sisi tuko? Na kama banatengeneza betri yenye haina kobalti, sisi tutakula nini?
Mtoto wa mgodi, Kolwezi

JIBU: Jambo sana ndugu. Mpwa wako yuko sahihi. 1980 John Goodenough, Mmarekani aliyekuwa profesa wa kemia Oxford, na wenzake akiwemo Koichi Mizushima kutoka Japani, walionesha kwamba oksaidi ya lithiamu na kobalti inaweza kubeba umeme wa volti nne hivi, karibu mara mbili ya kilichokuwepo. Kobalti inafanya kazi gani mle? Inajipanga tabaka tabaka, lithiamu inaingia na kutoka katikati ya matabaka kila unapochaji na kutumia, na nyumba haibomoki. Chuo chenyewe hakikuona thamani, kilikataa hata kulipia hataza, ile hati ya kumiliki ubunifu, Goodenough akaishia kutolipwa mrabaha wa maana kwa kitu kilichojaza mifuko ya dunia. 1991 Sony wakaitoa sokoni, 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Nobeli ya kemia, mzee akiwa na miaka 97.

Banajua mko? Mwaka 1980 nadhani swali lilikuwa je itachajika mara ngapi, basi. Mkoa wenu umezoea hilo ndugu yangu, uranium ya Shinkolobwe iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima nayo ilitoka Katanga, na walioichimba hawakuulizwa wala kuambiwa. Leo zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nyingi kwa migodi mikubwa ya mashine na nyingine kwa wachimbaji wa mkono, na kusafishwa kunafanyika zaidi China.

Desemba 2019 familia za Kongo ambazo watoto wao waliumia au kufa kwenye mashimo walizishitaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla kule Washington. Machi 2024 mahakama ya rufaa ikawagomea. Hoja ya mahakama, kwa ufupi, ni kwamba kununua tu kobalti kupitia mlolongo wa wauzaji hakutoshi kusema kampuni imeshiriki kwenye biashara moja na anayewafanyisha kazi. Ukiwa mwanasheria unaelewa. Ukiwa mama wa mtoto aliyefukiwa unaelewa nini?

Na hapa ndio napenda kumleta mtu wa falsafa ya siasa, Iris Marion Young, alikuwa profesa chuo kikuu cha Chicago, alifariki 2006. Yeye alikuwa anawaza viwanda vya nguo, mashati yanashonwa kwa mateso na aliyevaa hajui. Akasema kuna kosa, la yule unayeweza kumnyooshea kidole, alifanya hiki siku ile, alipe. Halafu kuna wajibu, ambao unakupata kwa sababu tu umo kwenye mfumo unaozaa yale mateso hata kama hujavunja sheria yoyote, na wajibu huo hauangalii nyuma nani alaumiwe, unaangalia mbele, tufanye nini pamoja ili isiendelee. Sio wote sawa. Aliuliza mambo manne: nani ana nguvu ya kubadili, nani anafaidi, nani ana maslahi, na nani tayari amejipanga na wenzake kiasi cha kuweza kutenda. Ukipitisha maswali hayo kwenye betri, kampuni za simu zinaguswa kwa nguvu na faida. Serikali yenu inaguswa. Vyuo vinaguswa, ingawa vinapenda kusema sisi tunatafuta maarifa tu. Na mimi ninayekuandikia kwa simu naguswa kidogo. La kufurahisha na la kuchoma ni lile la maslahi: hata wanaoumia wenyewe, kwake yeye, wamo kwenye wajibu, kwa sababu wao ndio wanaojua shida inabana wapi na bila sauti yao wengine watarekebisha vibaya.

Kuna wanaompinga, wanasema wajibu wa wote unaishia kuwa wa hakuna, na kampuni kubwa itafurahi sana kuambiwa hailaumiwi. Wana hoja. Mi naona Young alisema kosa na wajibu vyote vipo, kimoja hakifuti kingine, shida ni wasomaji wake wavivu.

Sasa swali lako la mwisho ambalo ndio gumu. Betri isiyo na kobalti ipo tayari. Na ajabu, ni Goodenough yule yule, safari hii chuo kikuu cha Texas, Austin, 1997, kikundi chake kilichapisha betri ya fosfeti ya chuma na lithiamu. Haitunzi umeme mwingi kwa uzito ule ule lakini ni ya bei nafuu, inadumu na haishiki moto kirahisi, ndio imejaa kwenye magari ya umeme ya Kichina leo. Watu Ulaya wanashangilia, wanasema tatizo la Kongo limeisha. Limeisha kwa nani? Kwa mnunuzi, atalala usingizi mzuri. Wewe shimo litabaki, maji yaliyochafuka yatabaki, mnunuzi ataondoka. Mtafiti akibadilisha madini bila kumfikiria aliyekuwa anayachimba, kaondoa aibu yake mwenyewe tu.

Serikali yenu imejaribu kitu, sheria ya madini ya 2018 ikapandisha mrabaha, kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukawa asilimia 10, na Februari 2025 ikasimamisha kabisa kuuza nje kwa miezi kadhaa ili bei ipande, Oktoba ikaja na mfumo wa mgao. Bei ilipanda kweli. Lakini kadiri kobalti inavyokuwa ghali ndivyo watengenezaji wanavyokimbilia betri ya chuma, huo ni mtego na sioni waziri atakayeutegua peke yake. Mwambie mpwa amalize hiyo kemia na aangalie kusafisha na kurejeleza, maana betri zilizokufa nazo zina kobalti ndani na Lubumbashi ina shaba, ina chuo, ina watu wanaoijua kobalti kwa harufu. Swali lako mwambie aliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti wake, lile la sisi tutakula nini, profesa akilifuta alirudishe.

SWALI: Nasoma falsafa ya siasa, mwaka wa pili, Dar. Nyumbani wananiuliza nitakuwa mwanasiasa? Nikisema hapana wanasema sasa faida yake nini. Nijibu nini?
Mwanafalsafa wa hosteli

JIBU: Wape barua ya Kolwezi hapo juu wasome, halafu waulize nani kati yao anaweza kuijibu kwa kemia peke yake. Kama hawana muda wape la mwanafalsafa John Rawls wa Harvard, 1971. Alisema mkitaka kupanga jamii ya haki jifanyeni hamjui nyie ni nani, hujui utazaliwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa, kisha ndio mtunge kanuni. Mimi nalitumia kwa simu: hujui utakuwa profesa wa Oxford, mwenye hisa, kijana wa Eldoret asiyelala au mtoto wa Kolwezi. Sasa panga nani alipwe nini na data za nani zilindwe vipi. Watu wanabadilika sura hapo hapo mezani, jaribu siku ya pilau mkiwa mmekaa wote.

Wakosoaji wanasema hakuna mtu anayeweza kujisahau hivyo, na Rawls mwenyewe alikuwa anawaza ndani ya taifa moja, wanafunzi wake kina Thomas Pogge ndio wakalisukuma mpaka nje ya mipaka. Hiyo mada nzuri ya insha yako, nakupa bure. Na chuo chako hicho kina historia, mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo hapo Mlimani miaka ya Azimio la Arusha, na mjadala wake ulikuwa huu huu, nani anatoa na nani anapokea. Usipite kwenye korido hizo ukiona aibu. Kuhusu kazi: sheria za data, maadili ya utafiti, sera za madini, kote wanahitaji mtu anayeweza kusoma kurasa 80 na kuona pale hoja inapochomoka. Jifunze na takwimu kidogo lakini, mwanafalsafa asiyeweza kusoma jedwali anaonewa na kila mtu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni msichana wa form six, napenda kemia, napenda saikolojia na napenda mambo ya haki. Nasikia nje kuna vyuo unasoma vyote pamoja. Nitafute huko?
Z., Unguja

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Vipo, lakini digrii ya kwanza ya mchanganyiko nimeona wengi wanatoka nayo wakijua majina ya vitu vingi na kazi ya hakuna. Chagua moja uimenye mpaka ndani, ukiuliza mimi ningesema kemia kwa sababu maabara ni ngumu kuipata ukiwa mtu mzima, wakati Rawls unaweza kumsoma kwenye boti ya Azam ukienda Dar. Hizo mbili zingine zichukue kama kozi za ziada, kaa na watu wake, ingia semina zao hata kama hujaalikwa, hawafukuzi mtu. Kwenye barua ya maombi usiandike kwamba unapenda vyote vitatu, hiyo wanaisoma mara mia kwa siku. Andika swali moja unalotaka kulijibu, la kweli, la hapo hapo kwenu Unguja, na useme kwa nini kemia peke yake haitoshi kulijibu. Halafu nitumie rasimu kabla hujaituma, nitaikata kata.